Funda la Kwanza

Nilianza kuwachukia watu wanaopenga kamasi kwa vidole mwaka ule figo zangu zilipogoma. Kabla ya hapo nilikuwa nawaona tu, kama unavyoona mbuzi wakipita barabarani. Lakini daktari alipokwisha kunieleza hali yangu, kila pua ya Dodoma ikawa jambo linalonihusu. Nilikuwa nikimwona mwanamume wa heshima zake, suti ya mitumba imemkaa vizuri, anasimama nje ya ofisi, anabana tundu moja la pua kwa kidole gumba, anashusha mzigo chini, anafuta kidole kwenye nguzo ya baraza, halafu anakuja mkono ameunyoosha. "Habari za asubuhi, dada?" Na kila siku nilitabasamu, kwa kuwa alikuwa mkuu wangu wa kazi.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya dawa yalichipuka kila kona ya mji, na mtu aliweza kununua kidonge cha rangi aitakayo bila kuulizwa anaumwa nini. Vyangu vilikuwa vidogo, vyeupe, vichungu kupita kiasi, na nilivimeza kwa mkupuo kila asubuhi. Daktari wangu, mtu mzima ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi upande mmoja, alinieleza taratibu. "Askari wa mwili wako wameasi, wanazipiga figo zako mwenyewe. Vidonge hivi vinawalaza usingizi, figo zipumzike. Lakini askari wakilala, mlango unabaki wazi. Mafua ya jirani yakikuingia wewe, si mafua tena."

Nilimsikiliza kwa sikio moja. Kipupwe cha mwaka ule, ule upepo mkavu wa baridi unaopiga Dodoma kuanzia mwezi wa sita, kilinikuta nakunywa maji kwa kikombe cha ofisi, kile kimoja cha plastiki kilichokaa juu ya mtungi na kuhudumia midomo ya idara nzima. Nikapata mafua. Yakashuka kifuani yakawa kichomi, nikalala wodini majuma matatu. Siku ya kuruhusiwa daktari aliniambia vidonge vingeendelea mpaka mwisho wa mwaka uliofuata, maana yake kulikuwa na kipupwe kingine mbele yangu. "Ukiugua hivi tena, sidhani kama tutaagana mlangoni," alisema. Alikuwa akitafuta kalamu yake chini ya mafaili.

Basi nikajifanya ng'ombe. Sisemi hivyo kwa kujidharau. Nimekulia Mpwapwa, ambako baba yangu alikuwa mhudumu wa mifugo, na utoto wangu wote ulinuka dawa ya josho. Ng'ombe akianza kukohoa alitengwa siku hiyo hiyo. Alipewa ndoo yake, na anayemhudumia alikanyaga dawa kabla ya kutoka zizini. Sikuwahi kuona ng'ombe aliyenuna kwa sababu hiyo, au jamaa zake waliokuja kuuliza kwani amewakosea nini. Binadamu ndiye mwenye shida hiyo.

Nilitembea na kikombe changu cha bati ndani ya mkoba. Nilikaa karibu na dirisha, lililokuwa na vumbi lakini vumbi halikohoi. Kitambaa nilichofunga puani hakikumshangaza mtu, kwani wanawake wengi wa Dodoma hujifunga hivyo upepo ukichachamaa. Ama salamu, nilitumia ujanja unaojulikana na kila mpishi: nilikunja ngumi nikawapa kifundo cha mkono, nikisema, "Samahani, mikono yangu michafu." Nilikuwa mchafu mwaka mzima. Kulikuwa na watu walioshika kifundo hicho wakakitikisa muda wote wa kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba na za mvua ambayo haikuwapo, huku wakivuta makamasi ndani kwa kishindo. Nikiachiwa, nilikwenda bombani kujisugua kama sufuria.

Watu walisema. Vidonge vilikuwa vimenivimbisha mashavu, kwa hiyo kundi moja lilisema maisha yamenikubali ndiyo sababu naringa. Kundi lingine lilinong'ona juu ya ule ugonjwa ambao miaka ile kila aliyelazwa alipewa bila kupimwa. Sikuwajibu. Nilikuwa nahesabu pua, sina nafasi ya kuhesabu midomo.

Kipupwe cha pili kilipokaribia, mume wangu alinihurumia akaenda kumchukua mama yake. Sikutakiwa kubeba maji wala kuinama moshini, na tulihitaji mtu. Mama mkwe alikuwa akiishi kijiji kimoja ng'ambo ya Makutupora, mbele kidogo ya mashamba ya zabibu, kwenye nyumba yake ya tembe aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alikuja na furushi la nguo, gunia dogo la uwele, mfuko wa ubuyu na kopo la ugoro.

Hilo kopo. Alilifungua baada ya kila kazi, akabana ugoro kwa vidole viwili, akauvuta, akasubiri macho yajae machozi, akapiga chafya tatu. Hazikupungua wala kuzidi. Alipiga popote alipokuwa: juu ya sufuria, juu ya nguo zilizoanikwa, mbele ya uso wangu akiniuliza nimeamkaje. Kisha alijifuta kwa pindo la kanga, na pindo hilo hilo, naapa, ndilo alilofutia vikombe. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa cheusi mpaka kwenye mstari wa ukucha. Alitema mate uani akayafukia kwa kisigino, kwa ustadi, kama mtu anayepanda mbegu. Nilikuwa nikila mlenda wake nikiwa nimefumba macho, nao ni mboga niliyoipenda tangu utotoni. Siku hizo kila uzi wa mlenda ulinikumbusha kitu kingine.

Lakini yote hayo ningeyavumilia lau si uji. Kila asubuhi alipika uji wa uwele, akautia ubuyu uchachuke kidogo, akanimiminia kikombe changu cha bati mpaka juu. Halafu alikipeleka mdomoni mwake. Hakugusa tu kwa ncha ya ulimi. Alipiga funda zima, kwa mlio, akalizungusha mdomoni, akameza, akakaa kimya kidogo nikimtazama, akapangusa ukingo kwa kile kidole gumba, ndipo akanipa kwa mikono miwili na goti limekunjika. "Pokea, mkwe wangu. Mimi nimeshakunywa, niko mzima."

Nilijua maana yake, kila mtu wa pande zile anajua. Anayekupa kinywaji huanza yeye, uone kwamba hakuna kitu kilichotiwa. Na kama unayempa ni mke wa mwanao, tena mgonjwa, ndiyo unaonja zaidi, maana mkwe akifa kwenye mikono ya mama mkwe maneno yake hayaishi leo wala kesho. Kile kizee kilikuwa kikiniapia kila asubuhi kwamba hakinitakii mabaya. Mimi niliona ute unaong'aa kwenye ukingo wa bati.

Nilimwambia mume wangu aseme naye.

"Nimwambieje?" aliniuliza. "Nimwambie asionje? Atauliza ni nani aliyesema ametia kitu."

"Mweleze ugonjwa wangu. Mweleze mate ya mtu yanaweza kuniua."

"Nimemweleza kwamba unaumwa sana na unaweza kufa. Ameniambia ndiyo maana anaonja."

Kwa mtu wa kawaida mazungumzo yangeanzia hapo. Kwetu yaliishia hapo, na nikaanza kumwaga uji.

Nyuma ya choo kulikuwa na ua wa miyaa uliotoboka, na kuku wetu walipenda kupumzika pale. Nilisema nakwenda kuota jua, nikaenda na kikombe, nikarudi nacho kitupu. Mama mkwe alikipokea kwa furaha iliyonitia aibu kidogo, si sana. Alianza kunijazia zaidi. Alimsimulia jirani juu ya ukuta kwamba mkwe wake sasa anakula, ataona, atapona. Mambo yalikwenda hivyo kwa wiki mbili hivi. Nilijiona mjanja, mzima, na hata mwenye adabu, kwa kuwa sikuwa nimemvunjia mtu heshima.

Siku moja alikwenda chooni mapema kuliko desturi yake. Nilipotoka nyuma ya ua nilimkuta amesimama, anamtazama jogoo aliyekuwa akifuta mdomo wake wenye uji kwenye mchanga, upande huu na upande huu. Hakupiga kelele.

"Kuku wako wananenepa," alisema. Kisha akanigeukia. "Uliona nini kwenye uji wangu?"

Nimeurudia wakati huo mara nyingi sana maishani. Nilikuwa na jibu la kweli, nalo lilikuwa: mama, sikuona kitu kwenye uji, ni mdomo wako unaonitia kinyaa. Nililiangalia jibu hilo nikaona haliwezi kutoka mbele ya mtu aliyemzaa mume wangu. Nikatazama chini. Nilidhani kunyamaza ndiyo heshima. Kumbe kwa mama aliyeuliza swali lile, mbele ya uji uliomwagwa, kimya kina maana moja tu.

Kesho yake alifunga furushi. Mume wangu alimsihi, lakini mama akasema anakwenda kutazama mtama wake. Aliniacha na mfuko wa ubuyu na nusu gunia la uwele, na hakunishika mkono. Naona aibu kusema kwamba kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchemsha vikombe vyote vya nyumba.

Mafua yaliingia siku ya sita tangu aondoke, na hayakuletwa na ugoro. Mume wangu ni mtu nadhifu. Hajawahi kupenga kwa vidole tangu nimjue. Anayo leso nyeupe, imepigwa pasi na kukunjwa mara nne, na siku ile alirudi kutoka mkutano kwenye ukumbi wa Chimwaga akiwa ameijaza, akaikunja vizuri, akairudisha mfukoni kama mtu anayetunza barua. Mpaka leo sielewi kwa nini hilo linaitwa ustaarabu. Jioni ile niliitoa kwenye suruali nikaifua mwenyewe, kwa mikono yangu hii iliyokwepa salamu za mji mzima. Ilikuwa inateleza. Siku ya pili nilikuwa na homa, ya nne nilikuwa wodini na mpira wa hewa puani, na daktari mwenye miwani ya uzi amesimama miguuni pa kitanda wala hatafuti kalamu. Hilo ndilo lililonitisha.

Nilipona. Sijui ni kwa nini mimi, wakati kitanda cha kulia na cha kushoto vilibadilisha wagonjwa. Nilipona polepole, na nilipoweza kutembea mpaka mlangoni ilikuwa mwezi wa nane unaisha.

Mwezi wa tisa mume wangu alikwenda kijijini kumwona mama yake akarudi siku hiyo hiyo. Alikaa, akavua viatu, akavitazama.

"Dari la mama halijapigwa udongo," alisema.

Nyumba ya tembe ina dari la miti na udongo, na kila mwaka kabla ya mvua lazima ipandishiwe udongo mpya. Si kazi ya mtu mmoja. Mwenye nyumba hupika pombe ya mtama, huwaalika majirani, wanabeba udongo na kukanyaga na kunywa, na jioni nyumba iko tayari. Mama mkwe alikuwa amepika. Alikuwa amealika. Hakuja mtu. Pombe ilikaa mpaka ikachacha, akaimwaga yote mwenyewe, mtungi kwa mtungi.

Sikuhitaji kuuliza sababu, lakini alinieleza. Mama aliporudi kwake kwa hasira alimwambia jirani mmoja kwamba mkwe wake alimwagia kuku uji wake. Alilalamika kama mtu anavyolalamika, bila kufikiri. Wiki mbili baadaye habari zikafika kuwa mkwe huyo yuko hospitali, hali yake mbaya. Watu wakayaweka maneno mawili pamoja. Tangu siku hiyo hakuna aliyepokea hata maji kwenye nyumba ile, na watoto walikatazwa kupita uani.

"Mvua ikianza, nyumba itamwangukia," mume wangu alisema. "Nimemwambia aje huku. Amekataa. Anasema akija, nawe ukapiga chafya tu, watu wataimba kwamba ni yeye."

Nilikaa na maneno hayo. Nilikuwa nimetumia majuma mengi kuogopa mate ya mtu asiyekuwa hata na mafua, nikajiona nina akili kuliko wote, na akili hiyo ndiyo iliyombomolea nyumba. Nilijiona ninanuka. Sina namna nyingine ya kulisema.

Mwezi wa kumi tulikwenda. Daktari hakupenda, mume wangu hakupenda, na mimi mwenyewe nilihesabu watu watano waliokohoa kwenye gari kabla hatujatoka mjini. Mume wangu alikuwa amekwisha kutuma salamu kwamba tunakuja kupiga dari, na kwamba mama atapika pombe. Tuliwakuta watu, kweli. Walikuwa kama ishirini, wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba ya jirani, ng'ambo ya kijia, majembe yao yamelazwa chini. Walikuwa wamekuja kutazama. Tuliamkiana kwa Kigogo, "Mbukwenyi", kila mmoja na wote, na sikuwapa kifundo. Niliwapa kiganja. Mzee mmoja alikishika na kukitikisa muda mrefu, kiganja chake kina unyevu nisiotaka kujua umetoka wapi.

Mama mkwe alitoka ndani. Alikuwa amekonda, kanga imemzunguka mara mbili. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia bila kunitazama usoni. Alinitandikia mkeka mahali ambapo wale wa ng'ambo wangeniona vizuri, akarudi jikoni, akaja na uji kwenye kibuyu cha kunywea. Uwele, na ubuyu. Nzi watatu walimsindikiza. Kidole gumba chake cheusi kilikuwa kimezama ndani ya uji mpaka kwenye ukucha.

Akapiga goti. Akainua kibuyu kukipeleka mdomoni kwake kama siku zote, na katikati ya njia mkono ukasimama. Alikuwa ameambiwa. Mume wangu, katika ile safari yake ya mwezi wa tisa, hatimaye alikuwa amemweleza sawasawa kwamba ni mdomo, si uji. Mama mkwe alitazama kibuyu, akanitazama mimi, akawatazama wale watu ukutani. Akionja, angeweza kuniua. Asipoonja, amekiri mbele ya kijiji. Hakuwa na wa kumuuliza.

Nikanyoosha mikono miwili.

"Nipe hivyo hivyo mama," nikasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo. "Wewe usinionjee. Mtu hamwonjei mwanawe."

Nilikunywa. Ulikuwa wa moto, umechachuka vizuri, na ladha ya ugoro ilikuwapo, sitasema uongo. Koo lilitaka kuurudisha mara mbili. Niliunywa wote, nikakipindua kibuyu juu ya mkeka, hakikudondosha hata tone.

Kisha yule mzee mwenye kiganja cha unyevu akanyanyuka, akavuka kijia, akaketi kwenye ukingo wa mkeka. "Na mimi nipe hivyo hivyo," akamwambia. Mama mkwe akaingia kuchota pombe, na alipotoka uso wake ulikuwa umelowa, akajifuta kwa lile pindo. Kabla jua halijatua udongo ulikuwa juu, umekanyagwa, na wanaume wanaimba juu ya dari.

Maneno niliyosema yalinichukua muda wa kuvuta pumzi. Ningeweza kuyasema asubuhi ya kwanza, mjini, jikoni kwangu. Yangemheshimu mama mkwe kuliko funda lolote, na mdomo wake usingegusa kikombe changu. Nilimwambia hivyo tukiwa tumekaa wawili, nikisubiri gari.

"Kwa nini basi hukusema?" aliniuliza.

"Nilikuwa naona kinyaa, mama. Nilikuona mchafu, na mchafu sikuona sababu ya kuzungumza naye."

Nilitegemea akasirike, na ningefurahi akasirike. Badala yake alitoa kopo la ugoro, akabana, na kabla ya kuvuta akasita. Akainama akaokota vumbi kidogo, akaliachia lianguke taratibu kutoka kwenye vidole, kama wachungaji wanavyofanya, aone upepo unaelekea wapi. Kisha akainuka, akanizunguka, akaenda kusimama upande wa pili, kule upepo unakoelekea, mbali, mgongo amenipa, akavuta, akapiga chafya zake tatu.